Sauti za Neema Kutoka Bologna

Mwanangu, kuna mchana mmoja wa Karama, hapa hapa Dubai, ambao sijausahau, wa miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu. Sijazeeka sana, lakini nimeishi vya kutosha kukueleza.

Mimi na Neema tulitoka Moshi pamoja, tukalala chumba kimoja, tukakata vitunguu jiko moja la hoteli. Hoteli ikatafuta mtu mmoja wa kwenda Italia kusomea upishi mwaka mzima. Akachaguliwa Neema. Nilimkumbatia, nikamsaidia kufunga sanduku, na moyoni nilikuwa nawaka.

Akawa ananitumia ujumbe wa sauti. Kwamba kule tambi zinakandwa kwa mayai na kusukumwa mpaka uone kivuli cha mkono wako upande wa pili. Kwamba ukiagiza kahawa ya maziwa baada ya chakula cha mchana wanakushangaa. Kwamba Jumapili jirani yake, bibi mmoja mjane, hukaa mezani na wanawe tangu saa sita mpaka jua linashuka, wala hakuna anayeharakisha. Mimi nilisikia jambo moja tu: ananiringia. Nikaacha kujibu.

Mchana ule nilikuwa nawasikilizisha wenzangu sauti zake, nikiigiza anavyotamka majina ya vyakula. Wakacheka. Bi Mwanaisha, mpishi mwenzetu wa Unguja, hakucheka.

"Hebu rudia hiyo ya Jumapili," akasema. Nikarudia. "Haya, yeye Neema anakula na nani?"

Ndipo nikaelewa. Kumbe Neema alikuwa peke yake dirishani kwake, akimtazama yule bibi na wanawe.

"Mwenzio ana njaa ya watu, wewe unasikia chakula tu."

Nilimpigia jioni ile ile. Akapokea kwa upole, akasema ameshazoea, na yule bibi siku hizi humwita mezani. Aliporudi alitufundisha sote kusukuma tambi, mimi pia, kwa subira. Lakini habari za Italia alimsimulia Bi Mwanaisha. Mimi hakuniambia tena hata moja, na sikuwa na uso wa kumwuliza.

Sasa rafiki yako amepata nafasi uliyoitaka wewe. Wivu utakupata, usijidanganye. Lakini akipiga simu, pokea. Msikilize mpaka mwisho kabla hujaamua kuwa anajivuna, na ukishindwa, mwambie ukweli kwamba ulitamani uwe wewe. Mungu akupe moyo mpana, akufungulie njia yako, na asikunyang'anye rafiki.