Rafiki Yangu Alinisingizia Ukimwi, Leo Mwanangu Anataka Kumwoa Binti Yake

Admin, naomba ufiche jina langu, maana watu wa Migori wakisoma hii wataanza kuulizana ni nani. Mimi ni mama wa miaka hamsini na tatu, mjane, nina watoto watatu. Hili jambo nimelibeba tangu miaka ya tisini na sijawahi kulisema hata kwa marehemu mume wangu.

Wakati huo nilikuwa msichana, nashona nguo Suna, hapo mjini Migori. Nilikuwa na rafiki, nitamwita Milka. Tulisoma pamoja, tukapanga nyumba moja, na watu walidhani tumezaliwa tumbo moja. Yeye aliniita nyamera, yaani dada yangu, na mimi nilimwita hivyo hivyo.

Kulikuwa na hoteli ya mama mmoja Mwislamu kutoka Mombasa, tulimwita Bi Zuhura. Yawa, ile chai! Jumamosi watu walisimama nje wakingoja nafasi. Alipika chai ya maziwa matupu, bila tone la maji. Alikuwa na ya tangawizi, ya iliki, ya mchaichai, maziwa ya moto yenye mdalasini, na kahawa ya maziwa. Mimi na Milka hatukuwa na uwezo wa kununua kila kitu, kwa hivyo yeye aliagiza moja na mimi nyingine, tukabadilishana vikombe tukionja. Tulicheka sana pale.

Bi Zuhura alizoea kutuona. Akiwa na kitu kipya alituletea kidogo na kusema, "Onjeni wanangu, mniambie ukweli." Milka alisifu kila kitu. Mimi nilimwambia tangawizi imezidi, au maziwa yameshika moshi. Siku moja akaniambia mbele ya Milka, "Nafungua hoteli nyingine Homa Bay. Nataka wewe ndiwe unisimamie jikoni kule." Nilifurahi nikalia. Milka alinikumbatia.

Kabla sijaanza, nyanya yangu akafariki kule Kosele. Nikaenda matanga, na nikiwa huko nikashikwa na malaria mbaya. Niliporudi Suna nilikuwa nimekonda, gauni linanipwaya.

Jumamosi iliyofuata tukaenda kwa Bi Zuhura kama kawaida. Wengine waliletewa chai kwa vikombe vya udongo, mimi nikaletewa kwa kikombe cha plastiki. Nilidhani vimeisha. Nikanyoosha mkono nionje ya Milka, akavuta kikombe chake haraka. "Leo nina mafua," akasema, "nisikuambukize." Nilipomaliza, msichana wa kuosha vyombo alikuja akakichukua kile cha plastiki kwa ncha za vidole, akakitupa kwenye takataka. Mbele ya watu. Bi Zuhura alikuwa pale pale na hakunitazama.

Baada ya siku chache Milka alifunga mizigo. Kazi ya Homa Bay amepewa yeye. "Hata mimi sielewi," akaniambia, "huyu mama amebadilika tu." Nikamwamini! Nikamsaidia kubeba godoro mpaka stendi.

Lakini wateja wangu walianza kuja kuchukua vitambaa vyao kabla sijashona. Kanisani benchi langu likabaki na mimi peke yangu. Mchumba wangu, mwalimu, alimtuma shangazi yake aseme wazazi wamekataa. Ndipo nikaenda kwa Bi Zuhura nikamuuliza nimemkosea nini. Alinishika mkono, akasema, "Mwanangu, rafiki yako alikuja hapa akilia. Alisema una ukimwi, kwamba ulikwenda kwenu kufa, na anaogopa wateja wangu watakimbia. Nitafanyaje?"

Nilikwenda hospitali nikapimwa. Sikuwa nao. Lakini ningetembea sokoni nikimwambia kila mtu?

Nikapanda gari mpaka Homa Bay. Nilimkuta Milka amevaa aproni nyeupe, hoteli imejaa. Nikamuuliza, "Nyamera, kwa nini?" Hakutikisika. Akawageukia wateja akasema kwa sauti, "Mgonjwa akikataa ugonjwa wake, utamfanyia nini? Mwombeeni tu." Watu wakanionea huruma. Hiyo huruma iliniuma kuliko matusi.

Nilihama. Nikaanza upya Kisumu, nikapata mume mwema, Mungu akanipa watoto. Nilidhani nimezika mambo haya.

Sasa kifungua mimba wangu, anayefanya kazi Nairobi, ameleta msichana nyumbani. Ni mtoto mzuri jamani. Nilipofanyiwa upasuaji mwaka jana ndiye aliyekesha nami hospitalini, ananiogesha kama mama yake. Mwezi uliopita nilipouliza kwao ni wapi, akanionyesha picha ya mamake kwenye simu. Ni Milka. Amezeeka, lakini ni yeye.

Wiki iliyopita Milka mwenyewe alinipigia, baada ya binti yake kumwonyesha picha yangu naye akanitambua. Sikusikia "nisamehe" hata mara moja. Alisema, "Tulikuwa wasichana wadogo, sote tulitafuta maisha. Binti yangu asijue, tafadhali. Ataacha kuniheshimu." Nikamuuliza, "Na mimi, heshima yangu uliirudisha lini?" Akakata simu.

Siku ya kwenda kujitambulisha kwao imekaribia. Mwanangu ameshanunua mbuzi. Nikimwambia ukweli, naogopa atamwacha msichana ambaye hana kosa lolote. Nikinyamaza, nitaketi sebuleni kwa yule mwanamke nikitabasamu, na wajukuu wangu watamwita nyanya kama watakavyoniita mimi. Na jana mwanangu alinikuta nimekaa gizani jikoni, akauliza, "Mama, humpendi huyu msichana?" Niliinuka nikawasha taa, nikamuuliza kama amekula.

Wazazi wenzangu, na ninyi vijana pia, nisaidieni kwa mawazo. Nimwambie mwanangu, ama niende na haya moyoni mpaka kaburini? Msinitukane, mimi nimeshatosheka na aibu.