Soli ya Mguu wa Kulia

Baba yangu ni fundi viatu, na ana tabia moja inayoniudhi: mtu akiingia kibandani, humtazama miguu kabla ya uso. Eti uso hudanganya. Alipokuwa kijana, mshirika wake, mcheshi kupindukia, alitoroka na vifaa vyote vya kazi. Tangu hapo mtu akicheka, Baba hujiuliza anaficha nini.

Hasara hiyo ilimkuta Mama pia, maana walikuwa wameoana juzijuzi tu. Yeye alifua nguo za watu miezi sita, mambo yakakaa sawa, akasahau.

Mwezi uliopita Baba alimsikia akiimba jikoni. Mwanamke wa miaka sitini na minne! Akavigeuza viatu vya Mama, akaona soli ya kulia imelika upande wa vidole.

"Huyu ana mahali anakwenda," akaninong'oneza.

Alhamisi akamfuata. Mimi nikamfuata yeye, asije akatutia aibu.

Mama aliingia kwa dada yake, nyumba ya nne kutoka kwetu. Tulimkuta kwenye cherehani, mguu wa kulia ukikanyaga pedali, anashona mapazia huku anaimba, na mama mkubwa hoi kwa kicheko.

"Umeanza lini kuwa na furaha hivi?" Baba akauliza, kama polisi.

"Tangu unioe," Mama akajibu bila kusimamisha cherehani. "Ila wewe, baba watoto, hujawahi kunitazama usoni."

 Na macho ya Baba, naapa, bado yalikuwa kwenye kile kiatu.