Ekari Sita za Fomu Yangu

Sijamsamehe baba kwa sababu ya ile fomu ya mkopo, na wale wanaoniambia kwamba marehemu hasemwi vibaya wanaweza kuziba masikio.

Ilikuwa miaka ya tisini, na nyumbani kwetu ni vilimani, mwendo wa saa mbili kwa mguu kutoka mjini Machakos. Nilikuwa nimeitwa chuo kikuu kusomea udaktari wa mifugo. Karo ingetoka kwenye mkopo wa serikali au isingetoka kabisa. Fomu niliisoma mara moja nikaielewa. Kurasa za mwanzo ziliniuliza habari zangu, kisha ikafuata sehemu ya mzazi: ana ekari ngapi, mifugo mingapi, miti mingapi ya kahawa. Walichotaka ni umaskini ulioandikwa vizuri na kupigwa muhuri. Umaskini tulikuwa nao wa kutosha, ila muhuri ulikuwa kwa naibu wa chifu.

Bwana huyo nilimkuta katika kiofisi chake cha mabati akichokonoa meno.

"Rudi Jumatatu," akasema, bila kuishika fomu.

Nikarudi Jumatatu.

"Nilisema Jumatatu. Sikusema Jumatatu hii."

Kila mtu kule kwetu alijua maana yake. Mkono mtupu haulambwi, na wangu haukuwa na hata kuku. Nilienda tena Jumatatu ya tatu, nikakuta kufuli mlangoni. Zilikuwa zimebaki siku tisa fomu zifungwe. Nilifika nyumbani nikilia kwa hasira.

"Mwaitu, lete hiyo fomu," baba akasema. "Huyo nilisoma na yeye. Mimi hawezi kunizungusha."

Mwaitu ni mama kwa Kikamba. Aliniita hivyo kwa sababu mimi ndiye binti wa kwanza na nilipewa jina la mama yake. Wakati huo nililipenda.

"Andika tu ukweli, baba," nikamwambia. "Tuko na ekari mbili na ng'ombe mmoja. Na kahawa siku hizi hailipi."

"Nimesikia."

Akavaa koti lake la Jumapili, maana alikuwa mzee wa kanisa, akaenda. Jioni alirudi na habari njema: muhuri umepigwa, fomu imetolewa kopi mjini, bahasha imefungwa na kutumwa kwa posta. Nilimshukuru. Nilimpikia chai ya maziwa matupu, mjinga mimi.

Majina yalipotoka, langu halikuwemo. Nilikwenda Nairobi na viatu vya mama yangu, vilivyonibana, nikapanga foleni kuanzia asubuhi mpaka saa saba. Karani wa dirishani alikuwa mwanamke mwenye kucha nyekundu. Alilitafuta faili langu, akalifungua, akaniangalia kama anayemtazama mtu aliyeshikwa akiiba mahindi.

"Baba yako ako na ekari sita na miti mia tatu ya kahawa. Unataka mkopo ya nini?"

"Ni mbili, madam. Hiyo si kweli."

Akaigeuza fomu niione. "Kwa hivyo chifu ni mwongo? Msichana, kuna watoto wa maskini nyuma yako."

Mwandiko ulikuwa wa baba, ule ule mzuri wa rejista ya kanisa. Ekari mbili zilikuwa zetu. Nne zilikuwa za baba mdogo, ng'ambo ya mstari wa mkonge uliokuwa mpaka wetu, pamoja na miti yake yote ya kahawa. Nilimchukia yule mwanamke na kucha zake, lakini yeye alisoma tu alichoandikiwa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilimkuta baba akipalilia. Nilimuuliza nikiwa bado nimesimama, mkoba begani, kwa sauti ambayo binti wa kwetu hamwinulii baba yake.

Hata hakuona haya. "Wapima mashamba wamefika lokesheni ya jirani," akasema. "Serikali ikikuuliza shamba ni ngapi, unaandika yote. Ukiandika mbili leo, kesho watakuambia zilikuwa mbili."

"Ilikuwa fomu ya masomo!"

"Iko na muhuri, Mwaitu. Karatasi ya serikali ni karatasi ya serikali."

Wapimaji walifika kwetu kabla ya mwaka kwisha. Kamati ya ardhi ilikaa uwanjani pa shule, baba mdogo akaeleza jinsi babu alivyopanda ule mkonge kwa mkono wake. Aliposimama baba, alitoa mfukoni kopi ya fomu yangu. Naibu wa chifu alikuwa palepale, akautambua muhuri wake bila kuambiwa arudi Jumatatu. Baba mdogo hakuwa na karatasi yoyote, alikuwa na mdomo tu. Ekari sita zikaandikwa kwa jina la baba. Jioni hiyo aliimba tenzi za kanisa peke yake, na mimi nilitamani zimkwame kooni.

Nafasi yangu ya chuo kikuu haikungoja. Mama alimuuza yule ng'ombe bila kumuuliza mtu, nikaenda chuo cha ualimu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na ng'ombe nawachora ubaoni.

Baba alipofariki, tulikuwa tumeshaingia miaka ya elfu mbili na nilikuwa nimepanga chumba mjini Mlolongo. Mdogo wangu wa kiume alikuja na bahasha na soda mbili. Yeye na kaka zake wawili walikuwa wanagawana shamba, ekari mbili kila mmoja. Mimi ningeweka saini kwamba sidai kitu, maana bila saini hiyo hawangeweza kugawana.

"Saini tu hapa, dada. Ni fomu tu."

Niliisoma yote, mstari kwa mstari, naye akimaliza soda yake. Pale juu palikuwa na jina la baba, na chini yake: ekari sita. Nikaikunja, nikaitia ndani ya sanduku langu la bati.

"Rudi Jumatatu," nikamwambia.

Alirudi, maskini, amevaa koti la baba.

"Nilisema Jumatatu," nikamwambia. "Sikusema Jumatatu hii."