Vuta Utepe, Dada

Mambo ya kuvuta bahati kwenye keki siyataki hadi leo. Ukinialika harusi nikaona tepe zimening'inia kwenye keki, nitakula pilau yangu niende zangu, na usiniulize.

Mdogo wangu aliolewa Juba, miaka ile baada ya mkataba wa amani, Wakenya na Waganda tulipojaa mjini kutafuta riziki. Mimi nilikuwa msimamizi wa vyumba katika hoteli, yeye alikuwa karani wa shirika la misaada, na huko ofisini bosi wake mzungu alimfundisha desturi ya kwao. Vitu vidogo vya bati vinafungwa kwenye tepe na kufichwa chini ya keki. Kabla haijakatwa, wasimamizi wa bibi harusi ambao hawajaolewa wanavuta, kila mmoja utepe wake. Ukitoa moyo, utapendwa. Ukitoa nanga, utasafiri salama. Ukitoa kifungo cha shati, pole, utazeekea kwa mama yako. Na ukitoa pete, harusi inayofuata ni yako.

"Mimi sivuti," nikamwambia. Nilikuwa mkubwa wake, sijaolewa, na nilijua kifungo kile kitanipata mbele ya watu wanicheke.

"Dada, ukikataa utaniharibia siku yangu."

Kumbe cha kuogopa hakikuwa kifungo. Bwana harusi alikuwa Mganda mwenye duka mtaa wa Hai Mauna, na baba yake mdogo, mzee mwenye malori aliyefiwa na mkewe, alikuwa ameamua atanioa mimi. Sharti lake: niache hoteli, nikae kwake nilee watoto. Nilikataa. Akamtumia mama ujumbe, mama akapanda basi kutoka Kitale amejaa furaha, nikamkatalia na yeye. Pale hotelini nilikuwa na chumba changu na ufunguo wangu, na nikisema neno linasikilizwa. Niviache kwa ajili ya mtu anayenifokea hata kabla hajanioa? Wapi!

Siku yenyewe tulitoka kanisani Kator tukaingia kwenye hema mtaa wa Hai Malakal. Joto lilikuwa kali, sukari ya keki ikaanza kuteleza. Nikamwona mama amekaa na yule mzee, wananong'onezana, nikajifanya sijaona kwa heshima ya mdogo wangu.

"Mkubwa aanze!" akasema mshereheshaji kwenye kipaza sauti.

Mdogo wangu akanishika mkono, akanipeleka mwenyewe. "Vuta utepe, dada."

Nikavuta.

"Pete!" akapiga kelele mshereheshaji. "Pete, jamani!"

Vigelegele vikapasua hema, na cha mama kilikuwa juu ya vyote. Yule mzee alikuwa ameshasimama, koti amelifunga. "Mimi iko tayari," akawaambia watu. "Sasa Mungu mwenyewe nasema."

Nikatazama mkononi. Kile kitu kilikuwa bado kimegandiwa na keki. Mimi niliyekishika sikujua ni nini, huyu wa kipaza sauti amekiona wapi? Damu ikanipanda. Nikashika utepe wa jirani, nikavuta, nikapangusa. Pete. Nikavuta mwingine.

"Dada, wacha!"

Pete. Nikazivuta zote, nikizipangusa kwenye gauni lile lile la usimamizi, na zote zilikuwa pete. Vigelegele vikafa kimoja kimoja.

Msimamizi mwenzangu, msichana wa pale pale Kator, akaingiza vidole chini ya keki kutafuta. "Na mimi? Moyo yangu iko wapi?" Alitaka kulia. Hata bahati za wenzangu walikuwa wameziondoa ili nisikose ile moja.

Mama akaja mbio. "Keti, mwanangu. Hasira ni hasara. Tulitaka tu ukubali."

"Mbele ya watu, ili nishindwe kukataa?"

Mzee sikumjali, alikuwa mgeni kwangu. Mama yangu ndiye aliyeniuma, na nilimchukia pale aliposimama na kitenge chake kipya.

Nikazikusanya pete, nikazimwaga kwenye sahani ya yule mzee, juu ya wali. "Bahati yako hii hapa, mzee. Oa keki."

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha hema zima. Mzee akasema "kalas," yaani yamekwisha, akatoka, akasahau hata kofia yake. Mimi nikaenda kunawa mikono kwenye pipa nyuma ya hema.

Mdogo wangu alinifuata huko na shela lake, poda imechirizika na machozi. "Dada, mimi nilitaka tu usibaki peke yako huku."

"Basi ungeniwekea kifungo," nikamwambia. "Hicho ningekivuta mwenyewe."