Kengele ya Dakika Kumi

Dada yangu ni fundi wa mtandao, na nimekaa naye ofisi moja kiasi cha kuujua udhia wake wote. Swichi zake, vile visanduku vya kuunganishia kompyuta kwa waya, zimetawanyika kwenye vituo vya afya vya mbali, lakini yeye haendi huko. Anakaa hapa hapa kwenye kiti chake kibovu, anaingia ndani ya swichi kwa kuandika amri kwenye skrini nyeusi, anafungua tundu la waya hili, anafunga lile. Na kabla hajagusa chochote, anaiamuru kwanza swichi ijizime na kujiwasha baada ya dakika kumi. Kazi ikienda vizuri, anaifuta amri hiyo na kuhifadhi. Akiharibu, swichi ikiamka inakuwa imesahau yote aliyoyafanya. Yeye anaiita kengele. Mimi nilikuwa naiita woga.

"Unajitegea bomu mwenyewe," nilikuwa namwambia. Ananyamaza tu, maana amenizoea.

Siku ya upasuaji wa mama hakunyamaza. Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na daktari alikuwa ameshamwahirishia zaidi ya mara moja. Zamu yake ikafika, kalazwa kwenye kimoja cha vituo hivyo, halafu kompyuta ya chumba cha upasuaji ikagoma kupokea vipimo vya jicho lake. Nesi akapiga simu: tundu la kompyuta hiyo limepangwa kwenye mtandao usio wake, daktari anaondoka mchana, vipimo visipopatikana mama anarudishwa nyumbani.

Dada akaingia kwenye swichi. Nami, kwa mdomo wangu huu, nikamsimamia kichwani. "Fanya haraka bwana, achana na makengele yako." Akanijibu vibaya, vidole vikikimbia. Alitaka kulifunga kwanza lile tundu la chumba cha upasuaji ndipo alipange upya. Akaandika shutdown, amri ya kufunga. Skrini ikaganda.

"Nimekosea tundu, nimefunga njia niliyoingilia," akasema taratibu, kama mtu aliyejifungia nje na funguo ziko ndani. Dirisha la kazi likajifunga lenyewe.

"Kengele uliweka?"

"Sijui. Ulikuwa unaniongelesha."

Kwa gari, kule kituoni tungefika daktari ameshaondoka. Tukabaki tunaitazama saa ya ukutani, na mimi niliyekuwa nacheka woga wake nikawa naomba kimoyomoyo awe ameogopa kama siku zote. Nesi akapiga tena. Dada akamwambia wasubiri kidogo. Nilimsogezea maji, hakuyagusa.

Akajaribu kuingia, wapi. Akajaribu tena, wapi. Halafu, dakika kumi zilipopita, skrini ikamuuliza nywila.

Alikuwa ameiweka kengele. Vidole viliiweka vyenyewe kwa mazoea, huku mimi nikibwabwaja. Dada akajifuta machozi kwa kiganja, akaweka kengele nyingine, na safari hii niliisoma neno kwa neno kabla hajaendelea. Akalipanga lile tundu, nesi akasema vipimo vimefika na mama anaingizwa ndani.

Kesho yake tulikuwa kando ya kitanda mama alipofunguliwa bandeji ya jicho la kwanza. Alimtazama dada, machozi yakimlengalenga.

"We mtoto," akasema, "mvi umeota lini?"

"Muulize huyu," dada akasema, akinionyesha kwa kidole.