Mechi Saba za Toronto

Mwanangu wa kwanza alipohamia Toronto, miaka mitatu iliyopita, sikwenda kumsindikiza. Nilikuwa nimempinga asimwoe binti aliyemwoa, kwa sababu ambazo leo naona haya kuziandika. Siku ya safari nilifungua kibanda changu cha ushonaji pale Jules Street kama kawaida, nikakunja pindo za sketi za shule mpaka jioni. Mke wangu alikwenda uwanja wa ndege peke yake. Tangu hapo kijana alikuwa akimpigia mama yake tu. Mimi niliambulia "msalimie Papa."

Asubuhi moja ya Oktoba simu yangu ikalia. Ilikuwa picha kutoka kwake: uwanja umefurika watu wa jezi za buluu, na chini yake, "Tumeshinda ya kwanza!" Muda si mrefu ukaja ujumbe mwingine: "Samahani Papa, nilikuwa natuma kwa watu wa kazini."

Ningeweza kunyamaza. Nikaandika, "Mmeshinda nini?"

Akanieleza. Ni besiboli, fainali yenyewe. Timu ya mji wao inacheza na mabingwa watetezi kutoka Los Angeles, na anayetangulia kushinda mechi nne ndiye bingwa. Sikuelewa hata nusu, ila nilisoma maelezo yale mara tatu.

Ya pili walifungwa. Nikamwandikia pole.

Ya tatu ilichezwa vipindi kumi na vinane badala ya tisa. Ilianza tukiwa tumelala, na nilipofika kazini saa mbili asubuhi ilikuwa haijaisha. Nikajikuta nimempigia simu.

"Papa? Kuna nini? Mama mzima?"

"Mama mzima. Nauliza mpira."

Akacheka. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kukesha. "Papa, hawa watu hawataki kwenda nyumbani." Tukabaki hewani mpaka mtu wa Los Angeles alipoupiga mpira ukatoka nje ya uwanja na timu ya mwanangu ikafungwa. Wateja wawili walinisubiri bila kulalamika.

Ya nne na ya tano wakashinda. Ya sita wakapoteza. Sasa walikuwa sawa, tatu kwa tatu, imebaki moja.

Jumapili ile niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikampigia kwa video. Aliiegemeza simu pembeni ya televisheni yake nami nikatazama. Mkwe wangu alikuwa kando yake kwenye kochi. Akasema, "Shikamoo Papa," taratibu, kama mtu asiyejua atajibiwa nini. Nikaitikia marahaba, nikamuuliza habari za baridi ya huko.

Toronto waliongoza karibu mechi nzima. Walibakiza wachezaji wawili tu wa Los Angeles kuwatoa ili wawe mabingwa, ndipo mpira mmoja wa wapinzani ukaruka ukuta, timu zikawa sawa. Katika kipindi cha kumi na moja ukaruka mwingine, Toronto wakapitwa. Walipata nafasi ya mwisho ya kusawazisha, lakini mpira ukatambaa chini, wakatolewa wawili kwa mkupuo. Kwisha.

Mwanangu alifunika uso kwa mikono.

"Papa, ilikuwa karibu hivi."

"Nimeona, mwanangu." Kisha nikasema neno nililoshindwa kulisema miaka mitatu. "Siku ile nilitakiwa nije kukusindikiza. Nyote wawili. Nilikosa."

Mkewe aliweka mkono mgongoni pake.

"Nilikutafuta pale mlangoni, Papa," mwanangu akasema. "Mpaka wakatuita kupanda ndege."

"Nisamehe."

"Imeisha, Papa. Kweli imeisha."

Mke wangu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na khanga mabegani, akaninyang'anya simu akawauliza kama wamekula. Mimi nilikwenda kunawa uso. Kanisani siku hiyo nililala mahubiri yote, kutoka zaburi mpaka sadaka, na mke wangu hakunigusa hata kwa kiwiko.