Mwalimu Alivyovunja Gwaride la Mumewe

Walikuwa na miaka thelathini na moja ya ndoa, lakini ukijumlisha likizo zote za Afande, mwalimu alikuwa ameishi na mumewe miaka minne tu. Iliyobaki, mume alikuwa kambini akifokea makuruta, na mke alikuwa darasa la kwanza akifundisha watoto kushika penseli. Ndiyo maana ndoa ilidumu. Siku Afande alipostaafu na kuingia na sanduku lake la bati, mwalimu aliona amevamiwa.

Wiki ya kwanza Afande alikagua vitanda. Wiki ya pili alipanga sufuria kwa ukubwa, vishikio vyote vikitazama mlangoni.

"Nyumba hii haina nidhamu," alisema.

"Ilikuwa na amani," mwalimu akamjibu.

Mwezi wa tatu, mwalimu mkuu, mtu wa kubabaikia kila king'aacho, akamwomba Afande aje kunyoosha gwaride la asubuhi shuleni. Mwalimu alipinga mpaka koo likamkauka. Nani amsikilize?

Jumatatu hiyo jua lilikuwa halina masihara. Afande alisimama mbele, vifungo vimesuguliwa vikasuguka. Binti mmoja wa darasa la kwanza, pengo mbele, alijikuna pua wakati wa mguu sawa. Akatolewa mstarini, akasimamishwa peke yake kwenye sakafu ya saruji, mikono juu. Dakika kumi zikapita, kisha ishirini. Akaanza kuyumba. Walimu wengine wote wakawa wanachunguza viatu vyao.

Mwalimu akamsogelea mumewe. "Baba watoto, huyo mtoto anaanguka."

"Nikiwa kazini mimi ni Afande. Rudi kwenye nafasi yako, mama."

Mwalimu alimchukia. Alimchukia hasa, kuanzia kofia mpaka kisigino. Kumbembeleza alijua ni kazi bure. Mtu huyu hajawahi kubembelezeka. Lakini miaka yote hiyo, kila likizo, alimsikia akipiga amri bafuni huku anaoga, na visigino vyake vikizitii vyenyewe. Akavuta pumzi, akatoa ile sauti inayonyamazisha watoto sitini kwa mpigo:

"Gwaride! Mguu sawa!"

Visigino vya Afande vikagongana.

"Tawanyika!"

Afande akageuka kulia, akapiga saluti, akaondoka kwa hatua ndefu. Alipofika kwenye bomba la maji ndipo akili ilipomfikia. Shule nzima ilikuwa inacheka mpaka inashika mbavu, na mwalimu mkuu naye yumo. Mwalimu hakucheka. Alikuwa amemdaka yule binti na kumkimbizia kivulini.

Mchana alimkuta mumewe sebuleni, bado na sare, ameketi wima kwenye kochi.

"Umenidhalilisha mbele ya kikosi."

"Kikosi gani? Wana miaka saba!"

"Mimi nikiwa kuruta nilisimamishwa hivyo hivyo. Siku nzima. Nikaanguka."

"Na ukaona ni vizuri?"

Afande alivua kofia, akaigeuzageuza magotini. Kwa mara ya kwanza tangu astaafu, sauti yake ilitoka ndogo.

"Yule mtoto... anaendeleaje?"

Mwalimu alijua. Binti alikunywa vikombe viwili vya maji, akalala kidogo ofisini, akaamka anadai penseli yake. Neno moja tu lingetosha kumtua mzee huyu mzigo.

Akachukua madaftari yake ya kusahihisha, akaingia chumbani, akafunga mlango.